Dume Asiyepatikana Nyamache

Haya niliambiwa na Jacinta, binti wa marehemu dada yangu Bochaberi, Jumanne iliyofuata Pasaka ya mwaka huu. Alinieleza hapa kwangu Nyansiongo, jikoni, kwa sababu nje kulikuwa na matope. Alianza saa nne asubuhi. Mengine nilimuuliza mara mbili ndipo nikaelewa, na hapa nayaandika jinsi nilivyoyaelewa.

Jacinta ana miaka thelathini na tisa, na hajaolewa. Anafanya kazi ya maabara katika chuo kimoja mjini Kisii. Watu wa kwetu wakisikia maabara wanafikiri anapima malaria, na kuna mzee mmoja wa kanisani aliwahi kumnyoshea kidole atobolewe. Hapana. Jacinta anaangalia udongo, na vitu vidogo vinavyoishi ndani yake.

Kimoja cha vitu hivyo ni utitiri. Sisi tunaoujua ni ule wa kuku, ule unaokupanda mikononi ukiokota mayai, ukajikuna mpaka ukaaibika kanisani. Huyu wa udongo hana haja na kuku wala na mtu. Yeye ni mwindaji. Ukubwa wake ni nukta ya kalamu iliyochongwa vizuri. Hana macho. Miguu ni minane, lakini ile miwili ya mbele haitumii kutembea. Huiinua mbele yake akipapasa, kama mgeni anayetafuta swichi ya taa ukutani. Akigusa kinyoo kinachokula mizizi, anakikamata na kukimaliza hapo hapo. Kumbe chini ya mboga zetu kuna simba, na sisi tunapalilia tu.

Mambo yalianzia kwenye chinsaga, ile mboga yetu chungu. Ni kama miaka sita iliyopita. Ijumaa moja Jacinta alinunua chinsaga soko la Daraja Mbili, kwa mama anayeitwa Persis, ambaye wateja humwita Mama Ashley. Ilikuwa imeng'olewa nzima, na mizizi yake na udongo wake. Mvua ikamkuta njiani, akarudi kazini kuisubiri. Akamkuta Okinyi.

Okinyi ni mtu wa upande wa ziwa, Homa Bay. Alikuwa anafundisha pale chuoni, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchora hao wadudu kwa penseli, unywele kwa unywele. Jacinta alikuwa anakung'uta mizizi juu ya gazeti.

"Huo udongo unaupeleka wapi?" Okinyi akamuuliza.

"Kwa pipa."

"Usitupe. Kuna faneli moja haina kazi leo."

"Okinyi, hiki ni chakula changu cha jioni."

"Wewe kula majani. Matope nipe mimi."

Faneli ndiyo njia yao ya kazi. Udongo unawekwa juu, juu yake taa inawaka, chini kunawekwa kichupa cha spiriti. Udongo ukianza kukauka, wadudu wanakimbia joto, wanashuka, wanashuka, mpaka wanaanguka ndani ya kichupa. Jumatatu, ndani ya kile kichupa cha chinsaga, kulikuwa na vidudu virukaji vitatu na mmoja wa rangi ya kahawia.

Okinyi alimtazama huyo wa kahawia kwenye hadubini mpaka Jacinta akafikiri amesinzia. Kisha akasema, "Njoo unihesabie nywele."

Hapo ndipo wanapojuana hawa wadudu, kwenye nywele. Ndugu zake wote wana jozi thelathini mgongoni. Jacinta alihesabu kwa Kikisii, maana hesabu ya kichwani mtu huifanya kwa lugha ya mama yake, akapata ishirini na tisa. Akarudia. Akarudia tena. Na ile jozi ya mwisho ilikuwa imechanua kama ufagio wa kufagilia uwanja.

"Huyu hajaandikwa popote," Okinyi alisema.

Iliwachukua miezi minne kuhakikisha. Waliwaandikia watu wa nchi nyingine wenye makabati yaliyojaa utitiri, na wote wakajibu kwamba hawamjui. Kwa hiyo akawa wao, wa kumpa jina. Lakini mdudu mpya haandikwi hivi hivi. Lazima useme kwao ni wapi, shamba gani, chini ya mmea gani, ili mwingine akitaka kumwona aende ampate. Tena inafaa uwe na wote wawili, jike na dume. Yule wa chinsaga alikuwa jike. Dume hawakuwa naye, na nyumbani kwake hawakukujua.

Jacinta akarudi sokoni. "Mama Ashley, ile chinsaga ya Ijumaa ilitoka wapi?"

"Ya Nyamache, mwanangu. Hukuona ilivyonona?"

Basi wakaenda Nyamache. Walienda kila Jumamosi isiyo na mtihani, miaka miwili, kwa pikipiki ya Okinyi, na mikebe imefungwa nyuma kwa mpira. Waliingia mashamba ya watu, wakaomba, wakachota udongo chini ya chinsaga, chini ya managu, chini ya migomba, ukingoni mwa majani chai. Walipata utitiri wa kila aina. Huyo wao hawakumpata hata jike mwenzake.

Mzee mmoja wa huko, Haron, aliwakuta wameinama kwenye shamba lake.

"Mnachimba nini? Dhahabu?"

"Mdudu, mzee," Okinyi akasema. "Bibi yake tunaye. Tunatafuta bwana."

"Amemwacha bibi?"

"Inaonekana."

"Basi hapa hayupo. Wanaume wa hapa walioacha mabibi wako Nairobi. Pandeni basi."

Kuanzia siku hiyo Nyamache yote iliwaita wale wa bwana aliyepotea. Wakipita kituoni watu wanapiga kelele, "Amerudi?" nao wanajibu, "Bado!" Mke wa Haron alimvuta Jacinta kando siku moja, akamuuliza kwa Kikisii, "Na huyu wako?"

"Si wangu."

"Basi umwambie, maana yeye hajui."

Jacinta alinieleza hayo akicheka, nami nikamwacha acheke, maana nilikuwa nimeona tutakapofika.

Kuna Jumamosi moja mvua iliwapata, wakajificha kwenye kituo cha kupimia majani chai. Hakukuwa na mtu mwingine. Walikaa juu ya magunia matupu. Okinyi alikuwa anapangusa mkebe wa Jacinta kwa pindo la shati lake, anaupangusa tu ingawa ulikuwa umekauka zamani. Akasema, "Jacinta, nilikuwa nataka kukuuliza," na hapo lori la majani chai likaingia likipiga honi, na karani, na wakulima na vikapu vyao, wote wakajaa mle ndani wakisukumana. Lori lilipoondoka Okinyi aliuliza, "Tumebakisha chupa ngapi za spiriti?"

"Hukumuuliza alitaka kusema nini?" nikamwambia Jacinta.

"Nilifikiri ataniuliza kesho yake, mama mdogo."

Sisi tulilelewa hivyo, mimi na mama yake, na tukamlea yeye hivyo hivyo. Mwanamke anangoja kuulizwa. Nikamwongezea chai.

Mwaka wa tatu Okinyi alipata nafasi ya kusoma Ubelgiji, kwenye chuo chenye hayo makabati ya utitiri. Aliondoka mwezi wa kwanza. Alimwachia Jacinta mchoro wa jike, uliokamilika, na karatasi nyingine nyeupe ya kipimo kile kile, aliyoiandika juu kwa penseli: *dume*.

"Usiniage kama mtu anayezikwa," alimwambia. "Kazi haijaisha. Ukimpata, niambie siku hiyo hiyo."

Na kweli kazi ilikuwa haijaisha. Kila Ijumaa, saa za chakula cha mchana, simu ya Jacinta ililia. Okinyi alikuwa ameandika neno moja: *Dume?* Jacinta anajibu: *Bado.* Baada ya hapo ndipo wanaandikiana mengine kidogo. Yeye anasema viazi vya huko havina ladha. Jacinta anasema mvua imechelewa. Yeye anasema ameona theluji ikaanguka kwenye sikio lake. Jacinta anasema Haron wa Nyamache amewasalimu, anauliza kama bwana amerudi. Ni mistari mitano, sita, basi, mpaka Ijumaa nyingine. Miaka mitatu.

Mambo ya moyo hawakuandikiana hata siku moja. Lakini Jacinta alianza kungoja Ijumaa tangu Jumanne. Wakati huo huo alikuja mgane mmoja, Josiah, fundi wa mabomba, mtu mpole, mwenye nyumba yake. Bochaberi alikuwa bado hai, na alinituma niseme na binti yake. Nikasema naye. Alinijibu, "Mama mdogo, nina kazi." Nilikasirika. Nilifikiri anasema kazi ya mshahara.

Sasa nafika kwa Persis tena.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, Jacinta alikuwa Daraja Mbili amesimama mbele ya meza ya Persis. Mteja mmoja alishika chinsaga akauliza, "Hii ni ya wapi?" Persis akasema, "Ya Nyamache." Hapo hapo simu ya Persis ikalia, naye mikono yake ilikuwa na maji, akaibonyeza kwa kiwiko, na sauti ya mzee ikatoka watu wote wakisikia: "Shemeji! Gunia la chinsaga limetoka Nyansiongo sasa hivi. Ulingojee barabarani."

Mteja alikuwa ameshaondoka. Jacinta hakuondoka.

"Mama Ashley. Chinsaga yako ni ya Nyansiongo?"

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Siku zote. Ni ya shemeji yangu Obwocha. Mbona umekuwa hivyo?"

"Uliniambia ni ya Nyamache."

"Sasa wewe, miaka yote hiyo ulikuwa unaamini?" Persis alishangaa kweli. "Kila mtu hapa anasema Nyamache! Mteja akisikia Nyamache anainama anachukua. Nikisema Nyansiongo wanafikiri nimewakatia majani ya ng'ombe."

"Nilizunguka Nyamache miaka miwili."

"Ukitafuta nini?"

"Mdudu."

Persis alisimama na fungu la mboga mkononi. "Pole, mwanangu. Ungeniuliza mara ya pili. Mara ya kwanza ni biashara. Ukiuliza mara ya pili huwa nasema ukweli."

Jacinta alitembea mpaka mwisho wa soko, pale wanapouza nguo za mitumba, akakaa juu ya furushi la mtu bila kuomba ruhusa. Aliwaza hivi: kama Persis angesema ukweli siku ile ya kwanza, wangemaliza kazi kwa Jumamosi moja. Na zile Jumamosi nyingine zote zisingekuwako. Hakujua kama arudi akamtukane Persis au akamshukuru.

Wiki iliyofuata alikuja huku Nyansiongo kwa Obwocha, ambaye ni jirani yangu, ng'ambo ya josho la ng'ombe. Kwangu hakupita, na kwa hilo nilimsema. Obwocha ana zaidi ya miaka sabini, na chinsaga yake anailima kwenye ritongo. Ritongo ni pale palipokuwa na nyumba na wenyewe wakaondoka au wakafa. Nyumba inaoza pale pale, nyasi za paa, majivu, samadi, vyote vinarudi chini, na udongo unakuwa mweusi kama masizi. Mboga zinaota pale mpaka unaziogopa.

"Hapa palikuwa nyumba ya mama yangu," Obwocha alimwambia. "Jiko lilikuwa hapo ulipokanyaga."

Jacinta akaruka kando.

"Usiruke. Alipenda wageni."

"Naomba udongo, tata," akasema, yaani baba. "Mkebe mmoja."

"Wa kufanyia nini?"

"Ndani yake kuna mdudu ambaye hana jina."

Obwocha alimwangalia. "Na ukishampa jina, atakuwa mnene?"

"Hapana, tata. Atajulikana tu."

"Wewe ni wa nani?"

"Wa Bochaberi. Mama mdogo wangu yuko hapo ng'ambo ya josho."

"Kumbe ni wa hapa. Chukua mikebe miwili. Lakini usichote karibu na ile miche, bado ni michanga."

Alhamisi ya wiki hiyo, mwezi wa kumi umeanza, Jacinta alitoa kichupa chini ya faneli. Majike walikuwa wanne. Na kulikuwa na mmoja mdogo kuliko wao. Akamweka kwenye kioo chembamba, akamtazama. Jozi ishirini na tisa. Ufagio nyuma. Na kwenye taya kulikuwa na kidole, ambacho jike hana. Dume huyu hubeba mbegu yake kwa taya, akampelekea jike polepole bila kuidondosha. Jacinta alianza kunieleza jinsi inavyofanyika, nikamwambia inatosha.

Alilia pale kwenye hadubini mpaka kioo cha kutazamia kikaingia ukungu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Saa saba simu ikalia. *Dume?*

Jacinta aliandika *Nime*, akafuta. Akaandika *Amepa*, akafuta. Akakaa. Kisha akaandika, *Bado.*

"Kwa nini, mwanangu?" nilimuuliza. Ndipo nilipoacha kuosha vikombe.

"Kwa sababu tukiwa naye tumemaliza. Atachora, tutaandika, watachapisha, ataniambia asante. Halafu Ijumaa ataniandikia nini?"

Alimweka dume kwenye kopo la biskuti, nyuma ya pamba. Kila asubuhi alimtoa akamwangalia, akamrudisha. Na kila Ijumaa, mwezi wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili, aliandika *Bado*, na Okinyi akamtia moyo. *Usichoke, tutampata tu.* Hilo lilimuuma zaidi, kutiwa moyo atafute kitu kilichoko kwenye kopo lake.

Mwezi wa kwanza mwaka huu ulikuja ujumbe mrefu, tena Jumatano. Mwalimu wa Okinyi amemwambia afunge kazi zote. Kwa hiyo watamwandika jike peke yake, na kwao wataandika Nyamache, maana ndivyo muuzaji alivyosema. *Dume tutamwandika siku tutakayompata, hata baada ya miaka kumi,* alisema. *Nisomee nilichoandika, na ukikubali nitatuma mwisho wa mwezi.* Na chini kabisa, mstari wa peke yake: *Pia nikuambie, mimi na Valarie tutafunga ndoa mwezi wa nane.* Valarie ni muuguzi, mtu wa kwao, walikutana huko huko.

Jacinta alikaa na ujumbe huo siku tatu. Akikubali, atabaki na Ijumaa zake hata miaka kumi, *Dume? Bado*, na bwana akiwa na mkewe pembeni. Lakini ule uongo wa sokoni utachapishwa, ukae vitabuni watu wote wakiwa wameshakufa. Atakuja mtu mwingine na gambuti zake, azunguke Nyamache mvuani miaka miwili akitafuta kitu ambacho hakipo. Tena huyo atakuwa peke yake. Na akisema ukweli, kazi itakwisha kwa wiki chache, na Okinyi atajua kwamba alimdanganya.

Jumamosi saa sita mchana alikwenda kazini ingawa hakukuwa na mtu. Akapiga picha ya dume kupitia hadubini, akaituma bila neno.

Simu ililia kabla hajaiweka chini. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu aondoke.

"Huyu ni yeye?"

"Hesabu nywele."

Akahesabu. Alihesabu kwa Kikisii, polepole, alivyokuwa akimsikia Jacinta, mpaka ishirini na tisa.

"Ni yeye," akasema. "Umempata leo?"

"Mwezi wa kumi."



"Jacinta. Kila Ijumaa umeniambia bado."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ningesema nimempata, Ijumaa zingekwisha."

Huko upande wa pili alisikia kikombe kikiwekwa mezani. Akaongeza haraka haraka, "Na si wa Nyamache," akamsimulia habari ya Persis, na ile simu ya gunia, na majani ya ng'ombe, na ritongo. Okinyi alicheka mpaka akakohoa.

"Hata kwetu mahali pa namna hiyo tunapajua, tunapaita gunda. Kama tungeambiwa, ningeanzia hapo."

"Tungempata siku moja tu."

"Siku moja," akasema. Hakuwa anacheka tena. "Basi namshukuru Mama Ashley."

Jacinta akashika meza. "Siku ile ya mvua, kwenye kituo cha chai, ulitaka kuniuliza nini?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Nilitaka kukuuliza kama naweza kuja kwenu nimsalimie mama yako."

"Ningesema ndiyo."

"Sasa nimempa mtu mwingine neno langu, Jacinta."

"Najua. Sikukupigia kwa ajili hiyo."

"Mimi ndiye nimepiga."

Hata hapo walicheka. Kisha Okinyi akasema, "Nataka tumwite kwa jina la Nyamache."

"Hajawahi kufika huko."

"Sisi tulifika."

Jacinta hakujibu siku hiyo. Alimwambia asubiri. Baada ya siku mbili alimwandikia kwamba anakubali, ila ukweli wote uandikwe, na mstari wa kueleza jina atauandika yeye mwenyewe.

Walifanya kazi wiki saba. Alirudi kwa Obwocha, na kwa kuwa hakuwa akiwatafuta kwa shida, madume walikuwa tele. Wawili wakabaki Kisii. Yule wa kwanza alimfunga kwa pamba ndani ya kiboksi cha kiberiti, akampeleka posta asafirishwe achorwe.

"Ni nini?" karani wa dirishani aliuliza.

"Ni mdudu."

"Yuko hai?"

"Amekufa."

"Basi nitaandika zawadi."

Ijumaa hizo saba waliongea kwa sauti, kila mara juu ya nywele na taya na vipimo. Ya kituo cha chai hawakuirudia. Wahariri waliuliza kama ule mstari wa jina una haja. Okinyi akamwambia Jacinta, "Nimewajibu kwamba una haja."

Jumatatu ya Pasaka barua ikaja kwamba imekubaliwa. Jumanne ndiyo hiyo alipokuja kwangu. Alinionyesha kwenye simu: jike kushoto, dume kulia, wamechorwa wakubwa kama kiganja. Nikasema wanafanana na kupe. Akasema kila mtu anasema hivyo. Kisha akanisomea. Kwao ni Nyansiongo, ritongo la familia ya Obwocha, kwenye mizizi ya chinsaga. Na chini yake ule mstari wake, aliousoma kwa Kizungu kisha kwa Kiswahili ili nami niusikie: *Jina ni la Nyamache, mahali ambapo waandishi walimtafuta kwa miaka miwili wasimpate.*

Nilimwambia arudie. Akarudia.

"Watu wa vitabu wataelewa?" nikauliza.

"Wawili wataelewa, mama mdogo."

"Na Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii nitakula chakula cha mchana tu."

Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema tangu ule ujumbe wa mwezi wa kwanza hajalala usiku mmoja mzima. Ilikuwa saa tisa na nusu, mvua imeanza kugonga mabati. Nikamwambia apande kwenye kitanda changu. Akalala chali, viatu vinaning'inia nje ya kitanda, simu ameiacha jikoni juu ya kabati.

"Niambie kitu chochote," akasema. "Kisiwe cha wadudu."

Nikamwambia habari ya ng'ombe wa kwanza tuliyenunua tulipohamia huku, tulivyomtembeza kwa miguu kutoka shamba la Mzungu, na mume wangu akiogopa kumshika kamba kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko ng'ombe wote aliowahi kuona. Akauliza, "Jina lake nani?" Nikasema tulimwita Malkia. Akatabasamu amefumba macho. Nikaendelea, jinsi alivyokataa kuvuka mto, jinsi mama yake, Bochaberi, alivyomsukuma kwa bega mpaka wote wawili wakaanguka majini. Nilipofika hapo nilingoja acheke. Alikuwa amelala.